Pinda Kamba

Nilikuja na mchoro, karatasi ya miraba,
nimeuchora usiku, Kisumu, feni ikikoroma:
hapa sakafu ya mvule, ngazi tatu,
pale mawe ya kupasuliwa, ya huku huku Maragoli,
nyasi fupi ukingoni, taa za jua kando ya njia.
Ua ni uwanja, ua ni chanuo:
nilitaka yote mawili kwa bei moja.
Mama aliugeuza juu chini, akaugeuza tena.
"Na kuku," akauliza, "wanakaa wapi humu?"

Sikuwachora kuku.

Uwanja wetu ulikuwa udongo mwekundu, basi,
uliofagiwa kila alfajiri kwa ufagio wa njiti
hata ukawa na mistari kama nywele za kusukwa.
Saa tisa mvua ya Vihiga huja bila hodi,
huufumua usuko wote, huubeba mteremkoni
hadi kwa Kisia, kwenye chai yake,
na Kisia hashukuru.
Miaka thelathini mama anafagia kinachoibwa.

Fundi Adagala alifika na toroli lenye gurudumu linalolia,
vijana wawili, pimamaji, vigingi, kamba ya manjano.
Alimwaga kikombe cha maji chini,
akatazama yanakokimbilia.
"Kwanza mfereji. Maji yakikosa njia yatapita sebuleni."
Nilipenda hilo. Nikalipa nusu.

Siku ya tatu kamba ikavutwa
kutoka pembe ya jiko hadi kwenye mkaratusi,
imekazwa, ukiigusa inalia.
Mama akatoka, sufuria mkononi.
Akaitazama kamba. Akamtazama Adagala.
"Pinda kamba."
"Mama, mawe hupangwa kwa mstari. Tukipinda
tutakata ishirini, thelathini, na kukata ni pesa."
"Pinda."

Nikaanza kuzungumza habari za gharama,
mimi mhasibu, niliyesomeshwa kwa mikungu ya ndizi.
Adagala akaninyooshea mkono, taratibu,
kama unavyomzuia mtoto asikanyage kitu.
Akachuchumaa. Akaweka kiganja chini,
pahali pasipo jiwe, pasipo msalaba, pasipo ua,
udongo ule ule, ila hapo
mistari ya ufagio haikunyooka. Ilizunguka.
Nimelelewa humu miaka kumi na minane
na sikuwahi kuona kwamba ilizunguka.

"Wa mwaka gani?" akauliza, kwa Kimaragoli.
"Kabla ya huyu." Akanielekeza kwa kidevu.
"Alikaa siku nne."
Akarudi jikoni, maji yalikuwa yamechemka.

Waking'oa kigingi sikusema neno.
Mawe thelathini na moja, patasi na nyundo, siku mbili.
Nimeyahesabu, ndiyo kazi yangu. Nimeyalipa.

Sasa kibaraza kimekaa. Kisia amesalimia mara mbili.
Sakafu ya mvule niliyoiota na viti na kahawa
ilianikwa mahindi Agosti nzima,
na kuku wamepanda ngazi zangu tatu
bila kungoja kuchorwa.
Jumapili akina mama wa kanisa huja, hukanyaga mawe,
wakifika pale penye pindo husimama:
"Tazama mviringo huu! Fundi ana jicho."
Mama huwaongezea chai.

Adagala amenipigia simu. Amepata kazi Chavakali,
nyingine Mbale, kwa daktari wa meno,
na wote wanataka pindo kama la kwa Jerida.
Anawapindia. Ndani yake mmoja amepanda waridi,
mwingine ameweka bata wa plastiki anayetema maji.
"Siwaambii kitu," anasema. "Niwaambie nini?"

Kwetu hapajapandwa.
Nikilala nyumbani nausikia ufagio gizani,
juu ya mawe mkavu, wa haraka, kama mtu anayegombana,
halafu unafika pale, unashusha sauti,
unazunguka.