Upenu wa Uani

Picha ilikuja usiku, kwenye simu, kutoka Maskati:
nguzo nne nyeupe, vyuma vyeusi vya kuegemea,
sakafu ya mbao inang'aa kama sinia la harusi.
"Jenga hivi, Mwanakombo. Mbele. Watu waone."
Msellem huyo. Miaka sita amesahau
jua la Wete saa tisa linapiga ukuta upi.

Asubuhi kaja fundi Faki Shaame
na uzi, vigingi, pimamaji lenye ufa.
Kaniuliza mbao nazitaka za nini.
Sizitaki, nikamwambia. Mbao huku ni futari ya mchwa,
nasi hatujamwalika.

Tukaanza mbele, kwa kuiheshimu pesa iliyotumwa.
Akavuta uzi toka kizingitini,
hatua tatu, akasimama: ya nne ni barabara.
"Atakaa mwanamme hapa," kasema, "magoti yake njiani,
na kila baiskeli itamsalimia kwa usukani."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Fundi akishika uzi hacheki.

Njoo uani, nikamwambia.

Uani kuna mteremko mpaka bonde la mpunga,
kuna mtambuu uliokwea mpapai, mpapai ukafa,
wenyewe bado umeukumbatia.
Msimu ukiingia tunachambua hapa, wanawake saba,
karafuu huku, vikonyo huku,
migongo inatafuta ukuta isiufikie.
Wingu likichungulia
tunakimbia na majamvi kama tumeiba.

"Upana?"
Majamvi matatu, na njia ya mtu mwenye ndoo.
"Kwenda ndani?"
Bi Raya ajinyooshe, miguu yake isirowe.
"Baraza liinuke kiasi gani?"
Hapo nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikainuka.
Nikakaa juu ya matofali mawili. Nikainuka.
Goti likatoa hukumu: shubiri mbili, zisizidi.
Akaandika kwa mkaa, mlangoni mwa jiko.

Boriti za mkoko hakutaja; msitu umefungwa.
Mvinje, kasema, ukauke, upakwe oili chafu.
Akachora hewani kwa kidole:
mtambaapanya huu hapa, kombamoyo kumi na moja,
juu bati.
Bati sitaki. Mvua ikipiga bati
hata siri ya mtu huambiwa kwa kelele.
Weka makuti upande wa ukuta.
Upande wa bonde acha wazi, fito tupu, miraba miraba,
mtambuu upewe kitu kilicho hai cha kufanya,
uezeke wenyewe, taratibu, bila ujira.

Halafu kaniuliza lile swali
linalovunja mitaa:
"Mchirizi utamwagikia kwa nani?"
Tukamwita Bi Time. Akaja na mswaki mdomoni,
akauangalia uzi, akatuangalia sisi,
akatema pembeni.
"Rudini ndani shubiri moja. Mihogo yangu imeshakunywa."
Tukarudi shubiri moja.
Akaongeza, anaondoka: "Na mimi mahali pangu
pawe karibu na mlango. Nasikia baridi."

Faki akafunga daftari, akalifungua tena.
"Na Msellem? Alisema mbele."
Nikautazama uzi, vigingi tisa,
kuku anauruka kwa madaha kama ameuzoea.
Mwambie ni mbele, nikasema.
Nyumba ndiyo iliyogeuka.

Sikumtumia maneno mengi. Nilimpigia picha ya uzi.
Akajibu baada ya Isha: "Nguzo ziko wapi?"

Sikumjibu, kwani mvua ilikuwa imeshuka,
ya ghafla, nzito, isiyo na salamu.
Nikatoka na kurunzi, kanga kichwani.
Maji yamesimama kona ya kushoto, pale pale
tulipoipangia miguu ya Bi Raya.
Nikang'oa kigingi kimoja kwa mkono,
nikasogea nacho gizani, unyayo mmoja, wa pili,
nikiitafuta kwa kisigino ardhi ngumu.