Mchagua Nazi

Duka la Taibali, nyuma ya soko la Malindi,
huuza daftari, gundi, bahasha za kaki,
na rafu ya chini kabisa, jirani na sumu ya panya,
vitabu vya picha.
Nilipiga magoti. Nilikuwa na elfu moja na mia mbili
za chekechea yetu ya Maweni,
pesa za mabuyu na viazi karai tulivyouza Ijumaa tatu,
na Taibali alinitazama juu ya miwani
kama atazamwavyo mtu anayejaribu kanzu asiyoinunua.

Cha kwanza kilikuwa na tembo anayecheka.
Anacheka akila, anacheka akitumbukia mtoni.
Sikiamini kitabu ambacho tembo haumii.
Cha pili kilinipendeza, hadi mwisho,
kwenye kisanduku chekundu: FUNZO.
Watii wazazi. Usiwe mchoyo.
Nilikirudisha polepole
kama samaki niliyekwisha kumnusa.
Hadithi ikiisha nataka inyamaze,
ituachie kimya chetu, mimi na watoto.

Cha tatu, punda.
Hapo nikamkumbuka Kahindi, mtoto wa muuza maji,
aliyesimama mwaka jana katikati ya hadithi, kidole juu:
"Mwalimu, punda huyu hana alama ya kamba."
Nikageuza kitabu, nikatazama. Kweli, hana.
Mweupe pepepe, kama aliyeanikwa na mashuka.
Tangu siku ile nawakagua punda wote.

Huyu naye mabega yalikuwa safi.

Watu hawajui: vitabu hivi mimi huvisoma kichwa chini.
Nakiegemeza gotini, kurasa zikiwatazama wao,
shingo imepinda kama ya kuku anayesikiliza.
Miaka kumi na minne sasa. Herufi zilizosimama wima
ndizo zinazonichelewesha.

Na Nyevu huketi nyuma kabisa, hataki kusogea;
kwa macho yake ng'ombe na wingu ni kitu kimoja.
Basi nilikisimamisha cha nne juu ya katoni za sumu,
nikarudi nyuma hatua sita, hadi nikagusa ndoo za plastiki.
Bibi mmoja. Mguu mmoja una kandambili, mmoja mtupu.
Niliuona ule mguu mtupu kutoka kwenye ndoo.

"Mama," akasema Taibali, "mchagua nazi hupata koroma."
"Nazi, bwana, hutikiswa sikioni kwanza."

Nikakaa sakafuni, nikasoma kwa sauti.
Bibi amepoteza kandambili. Anabisha kwa fundi cherehani:
Si hii, si hii, yangu ina tundu.
Anabisha kwa muuza mkaa:
Si hii, si hii, yangu ina tundu.
Nyumba ya tatu nikanyamaza kidogo, kwa mazoea,
mahali ambapo watoto huninyang'anya maneno mdomoni.

"Si hii, si hii," likasema kaunta.

Aliingia kijana akitaka bahasha mbili na stempu.
Taibali aliinua kiganja: ngoja.
"Akaiona?"
Sikufunua. Hili kazi imenifundisha:
ukurasa ni mlango, haufunguliwi
mpaka aliye nje amebisha mara ya pili.
Akazunguka kaunta. Akachuchumaa, magoti yakalia.
Nikamgeuzia picha, nikaendelea kusoma kichwa chini,
na yule kijana naye akainama, bahasha mkononi.

Mia saba na hamsini.
Hakunipunguzia hata shilingi.
"Karatasi imepanda, mama," alisema, bila kuniangalia,
akikifuta jalada kwa ukingo wa shati lake.
Kilichobaki hakikutosha kitabu cha pili.
Nilinunua gundi, maana hiki nacho kitachanika,
kitachanikia pale pale kwenye nyumba ya tatu.

Nilipofika mlangoni nilimsikia nyuma yangu,
anatafuta chenji ya yule kijana ndani ya droo,
anazichambua sarafu kwa kidole kimoja:
si hii,
si hii.