Daftari la Kupokea

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, nyuma ya posta,
ofisi ya misitu, katika Lubumbashi hii
ambako msitu hufika mjini ukiwa makala,
guniani, juu ya baiskeli inayosukumwa tangu usiku.
Mimi ndiye mwenye muhuri. Miaka kumi na tisa.
Jina langu haliko kwenye mkataba wowote;
wino wangu uko kwenye yote.

Mama Chilufya aliingia bila kubisha,
viatu mkononi, vumbi jekundu hadi magotini.
"Hapa ndipo mnapouza mukula?"
Hatuuzi, mama, nikamwambia. Tunatoa idhini.
Akacheka. "Kwetu mwizi naye haibi.
Anaokota."

Nikamfungulia sheria. Ni kitabu kizuri,
jalada la kijani, Kifaransa kilichopigwa pasi.
Nikamsomea polepole, nikigeuza kwa Kiswahili:
msitu ni mali ya taifa;
atakaye kukata ataomba, atalipa, atapanda;
wenye kijiji wataulizwa kabla.
"Kabla," akarudia, kama mtu anayeonja chumvi.
"Mimi waliniuliza njia ya kupitisha lori."

Nikatoa mkataba. Kipande nambari saba.
Miti mia nne. Shule ya madarasa sita, bati, madirisha.
Niliukumbuka: umeme ulikuwa umekwenda,
niligonga muhuri kwa mwanga wa simu,
na mkurugenzi alikuwa akiwahi bukari yake.

Ndipo akafungua kitenge.
Ndani, mfuko wa unga. Ndani ya mfuko, mahindi.
Akayamwaga juu ya sheria, juu ya mkataba,
juu ya kikombe changu cha chai.
"Punje moja, kisiki kimoja.
Nimetembea tangu mvua zilipokata.
Finkubala hawakuja mwaka huu. Watambae wapi?
Na mti ule unatoka damu, bwana karani.
Kuna siku nilidhani nimepotea,
nimeingia machinjioni."

Nikaanza kuhesabu kwa kuwa sikuwa na la kusema.
Kumi, kumi, vifungu vidogo, kama muuza karanga.
Mia nne zilijaa pembe moja tu ya meza.
Meza yenyewe ni nyekundu.
Sikuwahi kuuliza.

Saa kumi nilikuwa nimefika
elfu mbili mia tatu na kumi na nne.
Mkurugenzi akapita na koti begani.
"Ushahidi?" akasema. "Uko wapi muhuri wake?"
Nikangoja viatu vyake viishe ngazini.
Nikachukua muhuri, nikaujaribu juu ya punje moja.
Muhuri wa jamhuri ni mpana sana.
Punje iliruka, ikaviringika,
ikapotelea chini ya kabati la mikataba.

Basi nikavuta daftari la kupokea barua,
nikapiga mstari kwa rula.
Tarehe. Mtumaji: Chilufya, kipande nambari saba.
Aina ya hati: mahindi meupe, makavu.
Idadi ya kurasa: 2,314.
Akaomba risiti. Nikamwandikia.
Aliikunja mara nne, akaifunga kwenye ncha ya kitenge
pale ambapo wengine hufunga nauli,
akavaa viatu vyake ili ashuke mjini.

Kesho yake nilikuta panya amepita.
Nikahesabu upya, mlango umefungwa,
nikasahihisha pembeni, wino mwekundu:
*kurasa tatu zimeliwa, ndani ya ofisi.*
Na moja haijarudi. Iko chini ya kabati,
gizani, upande ule ambao bomba
limekuwa likivuja tangu Pasaka,
na hakuna aliyesaini litengenezwe.