Shimo Lililotema Mtu

Mimi ndiye mchimba makaburi wa kijiji hiki,
tangu mwaka ule nzige walipotua njia ya Mvumi.
Udongo wetu naujua: futi mbili za mwanzo ni mwekundu, mtiifu,
kisha changarawe,
kisha jembe linalia, unaita sururu.
Sijawahi kuuliza kwa nini nachimba.
Jibu huwa limelala ndani ya nyumba, limefunikwa shuka.

Oktoba hii Mchungaji Ndahani akanijia.
"Malogo, nichimbie shimo.
Urefu wa mtu, kina cha kiuno."
Nikauliza, "Nani amefariki?"
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Mgolwa," akasema. "Jumapili, baada ya ibada."

Mgolwa dalali! Yule wa mnadani,
anayeshika ng'ombe mkia na mwenye ng'ombe ulimi,
ambaye mwaka wa njaa alimchukua mbuzi wangu jike
kwa ahadi ya madebe mawili ya uwele.
Madebe hayo bado yako njiani.
Nikachimba. Siku ile sururu haikuniuma mkono.

Kwetu, Oktoba, mto ni barabara ya punda.
Maji ni pampu moja, kwa foleni na kwa matusi,
na dumu la lita ishirini lina thamani kuliko salamu.
Nikangoja nione nani atammwagia Mgolwa maji.

Walikuja. Niseme nini? Walikuja.
Mama Sechelela, aliyeuziwa ndama kipofu, dumu moja.
Watoto wa shule, na vidumu vya mafuta ya kula.
Chilewa, ambaye hasalimiani naye mwaka wa tatu,
alilitua lake kando, akaondoka bila kugeuka.
Turubai la kuanikia uwele likatandikwa chini,
maji yakapanda taratibu, rangi ya chai ya maziwa.
Nilihesabu madumu hamsini na matatu.
Nikawaza: hivi ndivyo tunavyozikana,
kila nyumba inaleta kidogo.

Mgolwa akashuka na kanzu ya kuazima,
kanzu isiyo na mfuko wa kutia daftari.
Akaulizwa maswali. Mawili aliyajibu kwa sauti ya mnadani,
la tatu likamkwama kooni.
Kisha akalazwa.

Ninaijua namna ile ya kulazwa:
mkono mmoja kisogoni, mwingine kiunoni,
ndivyo tunavyoteremsha.
Maji yakafunga juu ya uso wake.
Mikono yangu, bila mimi, ikatafuta koleo.

Miaka yote hiyo shimo langu halijarudisha mtu.
Likimeza, limemeza.
Hili likamtema
akikohoa, matope puani, macho ya mtoto aliyeamshwa,
na wanawake wakapiga vigelegele mpaka punda wakakata kamba.

Hakung'aa. Nataka mjue hivyo.
Alikuwa Mgolwa yule yule, na kitambi chake.
Ila alinijia akichuruzika,
kila hatua ikiacha doa ambalo ardhi ililinywa papo hapo,
akaniuliza polepole, kama apigaye hesabu asiyoipenda:
"Malogo, yule mbuzi...
tuseme mpaka leo angekuwa amezaa mara ngapi?"

Nilishindwa kujibu.
Mchungaji husema kubatizwa ni kufa na Kristo
na kufufuka pamoja naye; hayo sikuyasomea.
Lakini kifo nakijua kwa vipimo.
Nami nilimwona mtu akiingia kwenye kipimo kile
akatoka na deni langu mdomoni.

Maji tuliyachota kwa ndoo hadi kwenye mizabibu ya kanisa.
Hakuna aliyesema ni matakatifu,
hakuna aliyekubali yapotee.

Jioni niliambiwa nilifukie, ng'ombe wasije wakavunjika miguu.
Nikasema kesho.
Leo ni Alhamisi. Nimeusingizia mpini, nimeusingizia mgongo.
Jana usiku nilishuka mle peke yangu,
udongo ungali na ubaridi,
nikalala chali, nikajipima.

Linanitosha.