Sabuni ya Butoyi

Huku Katonga hatusubiri utabiri.
Milima ya Kongo ikionekana, tandaza.
Milima ya Kongo ikififia, anua.
Ikipotea kabisa umeshachelewa,
kimbia tu, watu wasiseme ulikaa.

Mimi siku hiyo nilikaa.

Madebe saba ya dagaa, mkopo wa Kashindi,
wamelala juu ya chanja wanameta kama sindano,
nusu wakavu, nusu bado na maji ya ziwa.
Nikajiambia, ngoja nitazame kidogo.
Hicho kidogo ndicho kilichonila.

Video moja ina mlango, mlango una ua,
na uani kuna nyingine imekutandikia mkeka.
Hodi hupigi. Kwaheri huagi.
Mwanamke asiyejua jina langu anakaanga ndizi.
Mwanamume analia, kaachwa na mkewe,
nami namwonea huruma,
mimi nisiyejua mume wangu jana alikula nini.
Kisha mvua. Mji fulani, sijui wapi,
maji yanabeba viti, yanabeba mbuzi,
mama mmoja juu ya bati anapunga kanga.
Nikasema, maskini.
Nikasema kwa sauti, nikagusa kile kimoyo chekundu.

Tone likaanguka kwenye kioo. Nikalifuta.
La pili nikalifuta.
La tatu nikalikasirikia.

Mama Ntakije aliniita, wanasema, mara nne.
Bukuru alinivuta gauni, nikamwambia, "Subiri."
Neno nalikumbuka.
Uso wake nilipolisema, siukumbuki.

Nilipoinua kichwa milima haikuwepo,
ziwa lenyewe halikuwepo.
Nilikuwa naililia mvua ya watu
yangu ikanikuta nimekaa.

Dagaa akirudi majini harudi kuwa hai.
Walivimba, wakanuka,
kuku wa Mama Ntakije wakala sikukuu.
Kashindi hakufoka. Alifungua daftari,
akalamba ncha ya kalamu, akaandika,
akaitazama tarakimu, akaandika tena.

Hayo ya dagaa nimeyasimulia sokoni.
Wakacheka, nikacheka nao.
Haya mengine sijamwambia mtu.

Jioni ile niliitafuta sabuni,
kile kipande cha mche wa mawese, cha kufulia.
Nikamkuta Butoyi nyuma ya nyumba,
pacha mdogo, miaka minne,
kakalia ndoo iliyopinduliwa,
sabuni kiganjani, shingo kaiinamisha,
na kidole gumba kinapanda, kinapanda, kinapanda.
Butoyi.
Kimya.
We Butoyi!
Hakuinua macho. Akajibu kwa sauti yangu,
si inayofanana na yangu, yangu yenyewe,
pamoja na ule uchovu wa mwishoni:
"Subiri."

Sikumpiga. Ningempiga nani?
Nikachuchumaa. Unatazama nini humo?
Akafikiri.
"Mama."
Anafanya nini?
"Anacheka."

Sijaitupa simu, nisiwadanganye.
Ndani yake mna pesa zangu, mna Kashindi na deni lake,
mna mama yangu wa Kasulu kila Jumapili.
Ila mchana naifukia kwenye ndoo ya unga.
Siku nyingine naifukua.
Bukuru akirudi huitazama mikono yangu kwanza,
akiiona myeupe
hasemi kitu, anakwenda kuanua peke yake.

Sabuni nilinunua nyingine.
Ile nimeiweka dirishani, haifui nguo.
Imefanya mfereji katikati,
laini, wa kutoka chini kwenda juu.
Juzi, watoto wamelala, niliijaribu kwa gumba langu.
Linaenea.