Mizani ya Mkunga

Mdogo wangu Lubbert alizaliwa mnono.
Kilo tatu na nusu, Novemba ya arobaini na tano.
Mkunga alimgeuza juu ya mizani kama samaki wa sikukuu,
akasema: Huyu vita haikumgusa.
Tukacheka. Siagi ilikuwa imerudi mjini.

Mizani hupima nyama.
Haikuulizwa habari za Februari.

Februari hiyo, Haarlem, mfereji ulikuwa kioo,
milango ya vyumba imekwisha kuwa kuni,
na baba yuko chini ya sakafu,
amelala chali mchangani
Wajerumani wasije wakamsomba kwenda viwandani kwao.
Chakula tulimpitishia kwenye ufa wa mbao,
baada ya kugonga mara mbili.

Mama alitoka na baiskeli isiyo na mipira,
rimu tupu juu ya barafu, kra, kra, kra,
mashuka ya arusi yake mgongoni,
akarudi kwa wakulima na viazi kumi na kimoja.
Nilivihesabu. Nilikuwa na miaka sita,
na hesabu ndiyo shule pekee iliyobaki wazi.

Vilipokwisha tukala tunguu za tulipu.
Unakitoa kile kiini cha njano, kina sumu,
unachemsha, unaponda,
unajidanganya kwamba ni njugu.
Mama alikata mafungu matatu: la chini, langu, lake.
Kisha lake akalisukuma kwangu kwa ncha ya kisu.
"Sina njaa, Geesje. Ni kichefuchefu tu."
Nikala.
Hakujua bado kichefuchefu kile kilikuwa cha nani.

Kwa miaka ishirini Lubbert alikuwa kijana wa kutumwa popote.
Alitengeneza saa za watu, alipiga mluzi ngazini,
alimcheka paka.
Kisha jioni moja akalaza sikio sakafuni.
"Kuna mtu humu chini," alisema, "na amechoka."
Baba akakitua kijiko taratibu, kana kwamba ni yai.
Habari zile hazikuwa zikisemwa nyumbani kwetu.

Daktari wa kwanza alikuwa na kalamu ya dhahabu.
Alimtazama Lubbert kidogo, mama sana.
"Wewe," alisema, "ni mama baridi."
Mwana umleavyo, majirani wakamalizia kwa macho.
Mama akalibeba neno hilo miaka thelathini na minne
kwenye mfuko wa aproni, pamoja na leso.
Hata ukimtembelea mwezi wa Julai
alikuuliza kama unasikia baridi,
akakuletea blanketi kabla hujajibu.

Daktari wa pili alikuja mama ameshazikwa.
Hylkema, binti mdogo, viatu vimelowa mvua.
Hakuuliza malezi. Aliuliza mwezi.
Akahesabu kwa vidole, kinyumenyume:
Novemba, Oktoba, Septemba...
vidole vyake kumi vikaishia Februari.
Akanyamaza. Mimi pia.

"Si hukumu," alisema. "Ni mlango uliolegea kidogo.
Wengi walibebwa katika njaa ile na wako salama,
wengine mama zao walishiba, na wakaugua.
Lakini mama yako hakuwa baridi.
Alikuwa hajala."

Maneno hayo nilitaka kuyapeleka makaburini.
Nilikwenda. Nikasimama. Nikang'oa nyasi tatu, nne.
Sikusema kitu, kwa sababu hesabu yangu mimi
ilikuwa haijafungwa:
mafungu matatu, midomo minne,
mmoja haujaumbika hata uweze kulia,
na lile lililosukumwa kwa ncha ya kisu
likaenda kwa nani.

Jumapili nampikia Lubbert viazi.
Anakata chake katikati, anainama kwa taabu,
magoti yakilia,
anagonga mara mbili,
anaweka nusu penye ufa wa mbao.
Zamani nilikuwa nikimwambia: Hakuna mtu humo.
Siku hizi
nampa na siagi.