Diski ya Tatu

Sib, mwezi wa sita, saa tano asubuhi,
nabishania bei ya sanduku
ambalo kazi yake ni kukumbuka.

Shiju amelileta kutoka Ruwi nyuma ya pikapu,
limefunikwa blanketi kama mgonjwa.
Lilikuwa la kampuni ya bima, anasema,
limefanya kazi miaka minne tu.
Anachomeka waya. Feni zinaamka zote kwa pamoja,
paka wa jirani anaruka ukuta,
na Rayya, aliyekuwa anasafisha picha,
anavua miwani:
"Ndege hii inaondoka lini?"

Riali mia na themanini.
Mpya ya dukani ni mia tisa na ushei,
na muuzaji wake ana tai na kahawa ya iliki.
Aliniuliza, wafanyakazi wangapi?
Watatu, nikasema, na mmoja mjamzito.
Akafunga kitabu chake taratibu.

Kwa nini usiweke kwenye wingu? Wote wananiuliza,
hata ami yangu, ambaye simu yake hufunguliwa na wajukuu.
Mawingu ya kwetu mnayajua:
yanakaa juu ya Jabal Akhdhar, yanaahidi, yanakwenda zao.
Lakini si hilo.
Mimi napiga picha harusi za upande wa wanawake.
Mlangoni simu zinakusanywa kapuni,
ndani nywele zinafunguliwa,
mabega, hina mpaka kwenye kiwiko,
bibi wa miaka sabini anacheza bila ya shela.
Wamenipa hayo kwa sababu nilisema: hayatoki.
Sitayaweka kwa mtu
ambaye sijui hata nyumba yake iko nchi gani.

Basi hayatoki. Na yasipotee.
Hapo kwenye "na" ndipo usingizi wangu unapokatikia.

Mwaka juzi diski ilianza kugonga,
tk, tk, tk,
kama mgeni anayebisha hodi kwa adabu.
Sikuitika. Ijumaa ikanyamaza.
Ndani yake mlikuwa na harusi ya Thuraya wa Barka,
na mama yake amekaa karibu na mlango, anacheka.
Mwezi uliofuata mama akafariki.
Thuraya alikuja dukani, hakupiga kelele.
"Hata moja?"
Nikampa ile niliyochapisha kwa kujaribu mwanga:
bega, sikio, hereni ya dhahabu, basi.
Nilikataa pesa. Akaziacha mezani.

Wazee walisema akiba haiozi.
Wazee hawakuwa na diski.

Nahesabu nyuma ya risiti ya petroli.
Rahisi huvunja upishi, sawa,
lakini sufuria yaweza kuwa kuukuu; nyama isiwe.
Kwa hiyo sanduku la mtumba, diski mpya,
mbili, moja kioo cha mwenzake,
na betri, umeme ukikatika ipumue kidogo izime kwa heshima.
Litakaa stoo, pamoja na viti vya bibi harusi,
na kiyoyozi kisizimwe hata tukienda Umra.

Shiju anatikisa kichwa. Kioo ni kioo, anasema:
ukifuta huku, na kule kumefutika.
Akanyamaza, kwa sababu biashara imemtosha
na lililobaki ni nasaha tu.

Ya tatu, basi. Ndogo, ya kuchomeka na kuchomoa,
kila Alhamisi inakwenda Samail kwa dada yangu,
inalala kwenye kasha la nguo, katikati ya udi na hati ya shamba.
Kila mwezi nitaifungua kulekule, picha yoyote,
kwa sababu nakala usiyoijaribu
ni maneno tu.

La kwanza kuingia humo najua litakuwa lipi.
Nimeshalitia kwenye skana: bega, sikio, hereni.

"Mia na sitini," namwambia Shiju.
"Na blanketi uniachie."